Kupima Shamba la Shosho

Kazi ya kupima udongo niliifuata Wamagana baada ya kuchoka na Nanyuki, kama nilivyokuwa nimechoka na Doldol kabla yake, na Kiriaini kabla ya Doldol. Kiriaini nilichuma majani chai. Doldol nilinunua mbuzi kwa wafugaji na kuwapeleka mnadani, hadi ukame ukawamaliza mbuzi nami nikabaki nimeshika kamba. Nanyuki nilikuwa kibarua katika nyumba za plastiki za maua, na huko ndiko nilikofundishwa kutoa udongo ardhini, kuuchanganya, kuutia mfukoni na kuandika ulikotoka. Si elimu kubwa. Mtu aliyefika kidato cha nne na asiye na haraka anaiweza.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Lakini kila nilikokwenda nilibeba harufu ya shamba la nyanya yangu huko Tetu, mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ikianguka juu ya udongo uliolimwa. Shamba hilo lilishagawanywa kati ya baba na ndugu zake, na kipande chetu kikauzwa nikiwa bado shuleni. Kwa hiyo niliposikia kwamba kikundi cha wakulima wa kahawa huko Wamagana kinatafuta mtu wa kuwasaidia kufuatilia afya ya mashamba yao, sikuuliza maswali mengi. Nilifunga mzigo nikarudi upande wa kwetu.

Nilichokikuta hakikuwa na harufu. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, laini kama vumbi la chai. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza juu yake yakaenda zake mtoni na rangi yote. Nilikuwa nachimba shimo la upana wa jembe na kuuvunjavunja udongo kwa vidole nikitafuta nyungunyungu, maana palipo na nyungunyungu pana uhai, na mara nyingi niliurudisha udongo shimoni bila kumwona hata mmoja. Watu walikuwa wametia mbolea ileile ya dukani kila msimu tangu enzi za baba zao. Iliwapa mahindi, kisha ikawapa machache, na huku chini ikawa inauchachusha udongo polepole mpaka mizizi ikashindwa kula. Wenyewe walijua. Walisema, "Shamba imechoka," kwa sauti ya kumsema mtu wa nyumbani aliyelala kitandani muda mrefu.

Dawa ya uchachu huo, yaani asidi, ni chokaa ya shamba. Lakini chokaa haimwagwi ovyo. Lazima kwanza ujue udongo wako ni mchachu kiasi gani, na ndipo kazi yangu ilipoingia. Nilikuwa na chuma kirefu chenye ncha ya kuzunguka, kinachotoboa ardhi na kutoka na udongo wa chini. Watu walikiita sindano. Mimi wakaniita daktari wa mchanga, kwa kuwa huku kwetu udongo wote huitwa mchanga.

Mashamba yalikuwa mengi na sindano ilikuwa moja, basi kikundi kiliamua wakulima wafundishwe kuchukua udongo wao wenyewe kwa jembe na panga. Tulikutana uwanjani kwa kanisa, watu wamekaa nyasini, ndoo katikati.

"Unatembea hivi, kama nyoka," niliwaambia nikiwaonyesha. "Unachota hapa, unachota pale, shamba lote. Unachanganya kwa ndoo safi. Si ile ndoo ya mbolea. Halafu unachukua kidogo, unatia kwa mfuko."

"Na kama nyoka amelewa?" aliuliza mzee mmoja aliyekaa nyuma.

"Basi huyo ni wewe ukitoka sokoni," mama mmoja alimjibu, na watu wakacheka.

"Kuna mahali hamtachota," niliendelea. "Karibu na zizi la ng'ombe, hapana. Mahali mnamwaga majivu, hapana. Chini ya migomba, hapana. Hapo pamekula vizuri kuliko shamba. Mkichota hapo mtanipa mgonjwa mwingine."

Mama mmoja mzee aliyekaa mbele kabisa, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti, aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Na kama shamba ni kidogo, na migomba iko karibu?"

"Hata ikiwa karibu, shosho. Toka hapo."

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Nakumbuka vizuri alivyoitikia.

Shosho huyo, kama tunavyowaita bibi wazee huku kwetu, alikuwa mjane. Shamba lake liliteremka kutoka barabarani hadi kwenye kijito: juu kahawa ya marehemu mumewe, katikati mahindi na maharagwe, na karibu na jiko migomba mikubwa iliyolishwa majivu, maganda na samadi tangu alipoolewa. Nilipita kwake mara kwa mara kwa kuwa njia yangu ilikuwa hapo, na kwa kuwa uji wake ulikuwa mzito. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye heshima kubwa katika chama cha akina mama kanisani. Wanawake waliogombana walipelekwa kwake.

Siku moja nilimkuta amekaa mlangoni bila kufanya kazi yoyote, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Wamekuja jana," akaniambia. "Kijana wangu na ndugu za baba yake."

Kijana wake alikuwa na duka la vipuri vya magari mjini Nyeri. Barabara ya kupita kwa mama yake ilikuwa imetiwa lami, na mtu alikuwa ametokea anayetaka shamba ajenge nyumba za kupangisha. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemhudumia mama yake alipougua goti, na alikuwa amechoka kuona anainama kwenye kahawa isiyolipa. Mbele ya baba zake wadogo alisema maneno ya haki, kwa jinsi alivyoona yeye: shamba lipimwe kama ya wengine. Likiwa zima, mama abaki alime, hakuna atakayemsumbua tena. Likiwa limekufa, liuzwe, mama aende mjini akae naye.

"Na wewe ulisema nini?" nilimuuliza.

"Ningesema nini? Wazee walikubali. Nikakubali." Akajisugua goti. "Daktari, mchanga ikikufa, inaandikwa imekufa?"

"Haifi hivyo, shosho. Inaandikwa imekosa nini, na utie nini."

"Lakini ikisomwa imekosa kila kitu, kijana wangu atasikia imekufa."

Nilimwambia achukue udongo wake kama nilivyofundisha, tuone, na ikihitaji chokaa mimi mwenyewe nitazungumza na kijana wake. Sikukaa. Nilikuwa na mashamba mengine upande wa juu, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka milima ya Nyandarua.

Mifuko ilikusanywa kanisani, ikafungwa kwenye makreti na kupelekwa maabara. Majibu yalirudi kwa simu ya mwenyekiti wa kikundi, na siku ya kuyasoma watu walikaa kimya kuliko siku ya kufundishwa. Karibu kila shamba lilikuwa na uchachu, mengine mno. Mzee wa nyoka aliyelewa aliambiwa lake linahitaji chokaa nyingi kuliko yote, akasema, "Ati sasa nitie mchanga unga mweupe kama wa chapati?" lakini hakuna aliyecheka sana.

Lilipofika la shosho, mwenyekiti alisoma mara mbili. Halihitaji chokaa. Lina chakula cha kutosha. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilifikiri juu ya mume wake, kwamba labda alikuwa mtu wa samadi, na kwamba angalau shamba moja la upande huu lilikuwa limeponyoka. Furaha ilinifanya mjinga.

Kijana alitimiza ahadi. Alikuja na gari lake siku za kupanda, akamletea mama mbegu nzuri na mbolea ya kupandia, ileile ya siku zote, akampa mkono yule aliyetaka kununua shamba na kumwambia atafute kwingine. Nilimkuta hapo barabarani. "Daktari wa mchanga," akaniambia, "umeniokoa na kelele za wazee." Alikuwa anacheka kweli.

Mvua ndefu ilikuja vizuri mwaka huo. Ndiyo sababu hakukuwa na la kusingizia. Mahindi ya majirani waliotia chokaa yaliota na kukaza shina. Ya shosho yalifika magotini yakasimama. Majani yakaanza kugeuka zambarau kwenye kingo, rangi nzuri ukiitazama kwa mbali, kama ya kitambaa cha harusi, na maharagwe chini yake yakawa manjano. Zambarau hiyo naijua. Ni njaa. Chakula kinakuwa udongoni lakini uchachu umekifunga, na mmea unakufa umekalia sahani.

Nilishuka katikati ya mahindi na kuchimba. Hakuna nyungunyungu. Nilichanganya udongo na maji safi kwenye kikombe, nikachovya karatasi ya kupimia uchachu niliyokuwa natembea nayo, na karatasi ikageuka rangi ya chungwa bivu, rangi ya uchachu mkali. Nilirudia kipimo juu kwenye kahawa. Ilikuwa vilevile. Shosho alikuwa amesimama kando ya jiko akinitazama, kiganja shavuni.

Nilimwendea. "Shosho, ule mchanga wa mfuko ulitoa wapi?"

Alitazama migomba yake.

"Yote?"

"Yote."

"Si nilisema hapo hapana. Wewe ndiye uliniuliza hata."

"Niliuliza ndio nijue ni wapi pazuri." Alikaa juu ya kigoda chake taratibu, goti likimuuma. "Wewe ukiitwa hospitali, na unajua wakikupata mgonjwa watakuzika, utatoa damu yako ama utaomba ya mtu asiye mgonjwa?"

"Lakini hii si kuzikwa. Ungepewa dawa."

"Wewe ndiye ulijua kuna dawa. Kwangu kulikuwa na kijana na wazee wamekaa." Akaokota ganda la maharagwe, akalivunja vipande. "Halafu si ni shamba ile ile? Hiyo mgomba haiko kwa jirani. Nimeilisha miaka yote. Nikafikiria, wacha hata yenyewe inilishe mara moja."

Nilikaa chini karibu naye. Nilimweleza tufanye nini: msimu huo umekwenda, tusiulilie. Atie chokaa sasa, ichanganywe na udongo kabla ya mvua fupi, samadi ya zizini itandazwe shambani badala ya kurundikwa kwenye migomba, na tupime tena kila msimu, mimi mwenyewe na sindano. Misimu mitatu, minne, shamba lingeinuka. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Hiyo yote ni ya kijana kukubali." Nikamwambia basi amwambie ukweli. Akasema atamwambia.

Kijana alikuja kabla hajaitwa. Mtu alikuwa amemwambia huko mjini kwamba mahindi ya mama yake yanachekwa na wapita njia. Alikuja na baba zake wawili wadogo, wazee wa kofia, na mtu wa nne akatumwa kuniita nilipokuwa, kwa hiyo nilifika wote wamekwishakaa uani. Shosho alikuwa na ungo mapajani, anachagua maharagwe ya mwaka jana.

"Kuja, daktari," kijana alisema. "Kuja uonyeshe wazee hiyo shamba ulisema ni zima."

Niliwasalimia wazee kwanza, mmoja mmoja. Hawakuniinukia, wala sikutarajia.

"Mimi nilisema ipimwe," kijana akaendelea. "Ikapimwa. Ukatuambia haihitaji kitu. Ni uwongo?"

"Hivyo ndivyo majibu yalivyosema."

"Majibu ni ya mchanga gani? Wa huku ama wa Kirinyaga?"

Nilimtazama shosho. Alikuwa anachagua maharagwe kwa haraka, mabovu na mazima anayatia upande mmoja. Nilingoja. Nilidhani anatafuta neno la kuanzia. Lakini pale walikuwa ndugu za mume wake, na yeye ndiye anayepelekewa wanaogombana, na kusema mbele yao kwamba alidanganya ni kitu ambacho sikuwahi kumwona mwanamke wa umri wake akifanya katika nchi hii yote niliyoizunguka. Hakuinua macho.

"Kulitokea makosa kwenye kuchukua," nilisema. "Shamba lina uchachu. Nimelipima tena mwenyewe. Likitiwa chokaa litapona."

"Juzi haihitaji kitu. Leo inahitaji chokaa." Kijana hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi zaidi angepandisha. "Kesho utasema inahitaji nini? Maombi?"

Mzee mmoja alicheka puani. Mwingine akanigeukia, akasema, "Hawa watu wa kutembea na vyuma. Kijana, wewe kwenu wapi hasa?"

"Ni hapa hapa Tetu, baba."

"Hapa Tetu, na shamba yako iko wapi?"

Nilisema sina.

"Basi," mzee akasema, na hilo ndilo lililomaliza mazungumzo. Mtu asiye na shamba atawaambia nini wenye shamba.

Ningeweza kuwaonyesha migomba. Ilikuwa hapo, hatua chache, myeusi na minene na maridadi, majani yake yakitoa kivuli hadi tulipokaa. Neno moja tu lingetosha, lakini lilikuwa la shosho, na nilimwachia. Alipoinuka kwenda jikoni kutafuta chai ya wazee, alipita karibu nami bila kunitazama.

Habari ilienea kabla ya Jumapili. Sindano inadanganya. Daktari alisema shamba la mjane ni zima, na tazama. Watu waliokuwa wameanza kuchimba na kuhesabu nyungunyungu wao wenyewe waliacha. Watu waliokuwa wamenunua chokaa na bado hawajaitia waliiweka chini ya ghala. Nilipopita kwa yule mzee wa nyoka aliyelewa, nilikuta amepaka chokaa yake kwenye mashina ya miti ya lango na ukuta wa choo, nyeupe pee.

"Imependeza, sivyo?" aliniuliza.

"Imependeza, mzee. Lakini ilikuwa ya shamba."

"Shamba ya nani? Ya mjane ilikuwa nzima pia." Akanipa mkono vizuri, hana kinyongo, akanifungulia lango nitoke.

Mwenyekiti alinitetea kwenye kikao, lakini si sana. Alisema kikundi kitapumzika kwanza. Niliacha sindano kwake, imefungwa gunia.

Shamba liliuzwa kabla ya mvua fupi. Kahawa ile, miti iliyopandwa na mume wa shosho, iling'olewa kwa trekta na kurundikwa barabarani, na majirani wakaja kuchukua kuni. Migomba ilikatwa siku ileile. Udongo wake mweusi ulipakiwa kwenye lori na dereva akaniambia unakwenda mjini, kuna mtu anataka kupanda maua mbele ya hoteli. Niliushika mkononi kabla hajaondoka. Ulikuwa na unyevu, na ulinukia sawasawa na wa nyanya yangu, na nikaujua uchungu wa mtu aliyekuja kutafuta kitu na kukipata kimekwishapakiwa.

Nilizunguka kidogo baada ya hapo, nikafanya kazi ya kupakia mboga huko Karatina, nikaiacha. Siku moja nikiwa Nyeri mjini niliuliza nikaonyeshwa anakokaa shosho, ghorofa ya juu ya nyumba za kupanga huko Kamakwa, kwa kijana wake. Kijana alikuwa dukani. Mkewe alinikaribisha, akanipa chai, akaenda kuanika nguo.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kochi karibu na dirisha, shuka magotini. Alikuwa mnene kidogo, ngozi imekuwa laini. Mikono ndiyo iliyokuwa imezeeka kwa kukosa kazi. Alinisalimia kwa kunishika kiganja muda mrefu. Tuliongea juu ya mvua. Alikuwa anajua ilinyesha siku gani Wamagana na siku gani haikunyesha, kwa sababu aliwapigia simu wanawake wa kanisa kuwauliza.

Kisha akasema, "Ile ya juu, ya kahawa. Ingepona kweli?"

Njia nzima nikipanda ngazi nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo, na nilikuwa na jibu la huruma mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kama siku ile uwanjani kwa kanisa, mtu anayetaka kujua.

"Ingepona, shosho. Ilikuwa mbaya, lakini nimeona mbaya zaidi zikiinuka."

Akaitikia kwa kichwa. Chini barabarani mtu alikuwa anauza ndizi kwenye mkokoteni akiita wateja.

"Na siku ile ya wazee," akasema, "ningesema ni mimi. Kijana wangu angekubali chokaa?"

"Huyo ni mtoto wako. Wewe ndiye unamjua."

Alilikunja shuka upya, ncha kwa ncha, akaliweka vizuri magotini.

"Angekubali," akasema. "Angenikasirikia mpaka jioni. Halafu angekubali."

Nilikunywa chai yangu ikaisha. Nilipoinuka aliniambia niende kabla kijana hajarudi, na nishuke polepole kwa sababu wanaosha ngazi saa hizo na simenti inateleza.